Kipambo cheusi chenye mzee wa upanga: kimetoka kwenye mfuko wa tumbaku wa Kijapani au kwenye mpini wa upanga?

#1 · TindoNaNyundo
Wakuu salaam. Naomba tukichambue kipambo hiki kidogo. Upana mm 34, kimo mm 21, unene pale palipovimba zaidi mm 6, uzito gramu 7.8. Umbo ni Shoki, yule mzee wa ndevu nyingi anayewinda mashetani, upanga mkononi, joho linapeperukia kushoto. Mwili ni mweusi, na ukikiinamisha penye mwanga wa dirisha unaona samawati ndani ya weusi. Uso na mikono ni kijivu cha fedha. Macho na upindo wa joho ni dhahabu.

Nyuma kimebonyea, hakikujazwa. Kuna vijiti viwili, kimoja kila upande, urefu kama mm 5, ncha zimepindwa. Katikati kuna kibonge cha kijivu. Sahihi hakuna.

Dai langu: ni maekanagu, kipambo cha mbele kinachokaa juu ya kifuniko cha mfuko wa tumbaku, tabako-ire, na kilitengenezwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Lebo iliyokuja nacho inasema ni menuki, pambo la mpini wa upanga. Lebo hiyo siiamini. Karibuni.

#2 · kibatari_88
Naweka kambi hapa.

#3 · AlaNaMpini
Mkuu, usiitupe lebo haraka. Menuki nyingi zina urefu wa sm 3 hadi 4, chako kimeangukia humo humo. Mgongo uliobonyea nao ni dalili: bamba jembamba huwekwa juu ya ulimbo laini, likapigwa kutoka nyuma hadi umbo livimbe mbele, kisha likageuzwa na kumaliziwa kwa tindo. Hiyo ndiyo njia ya kale ya menuki.

Fanya hivi. Kilaze juu ya kioo bapa, ubonyeze polepole kwa kijiti cha mbao mwisho wa kushoto, halafu wa kulia. Kikiyumba, kimekunjwa kufuata mviringo wa mpini. Kikitulia kimya, nitafikiria upya.

#4 · TindoNaNyundo
Kinayumba kidogo, kushoto na kulia. Kingo za juu na chini zinagusa kioo.

#5 · AlaNaMpini
Basi hapo sina la kuongeza. Mpini.

#6 · BintiForodhani
La kuongeza lipo. Mfuko wa ngozi uliojaa tumbaku nao una tumbo. Kifuniko kinakunjwa kutoka juu na kulala juu ya tumbo hilo, kwa hiyo kipambo cha mbele nacho hukunjwa kidogo juu na chini kiilalie ngozi, la sivyo kingo zinaning'inia na kunasa nguo. Kuyumba kwenye kioo kunatuambia kililazwa juu ya kitu cha mviringo. Hakutuambii kama kitu hicho kilikuwa mpini au mfuko.

Tazameni vijiti badala yake. Menuki kwa kawaida ina kijiti kimoja katikati ya mgongo, au haina kabisa, kwa sababu inashikwa na uzi uliozungushiwa mpini. Katika jozi za zamani moja ina kijiti na mwenzake ana kimirija, viingiliane. Kipambo cha mfuko hakina uzi wa kukishika. Kikiwa na kijiti kimoja kitazunguka kila kifuniko kinapofunguliwa, kwa hiyo kinahitaji viwili. Na mm 5 ni urefu wa haki: ngozi mm 1.5 hadi 2, bamba la nyuma la kifuniko kama mm 1, kinachobaki ndicho cha kupinda.

#7 · AlaNaMpini
Dada, vijiti huongezwa. Kile kibonge cha katikati je? Hapo ndipo kijiti cha awali kilipokatwa.

#8 · Mwanahistoria_wa_Meiji
Mnazozana wakati tarehe inajibu. Machi 1876 serikali ya Meiji ya Japani ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani. Mafundi wa mapambo ya panga wakabaki bila wateja, wakageukia mifuko ya tumbaku, vasi na vito. Menuki zilizokuwa zimelala kwenye masanduku zikaongezwa vijiti zikapachikwa kwenye mifuko. Kwa hiyo #5 na #6 wote wako sawa: kilizaliwa menuki, kikazeekea kwenye tumbaku.

#9 · NjumuNaFedha
Mkuu #8, nusu ya kwanza sawa, ila usiifanye 1876 kuwa mlango wa kila kitu. Mapambo ya mifuko ya tumbaku yalikuwepo kabla ya hapo. Tumbaku ilifika Japani na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Watawala wa Tokugawa walijaribu kuipiga marufuku mwanzoni mwa karne ya 17, wakashindwa. Mfanyabiashara wa Edo, Tokyo ya leo, hakuruhusiwa kuvaa jozi ya panga kama samurai, fedha zake akazimwaga kwenye vitu vya kuning'iniza mshipini: mfuko, ala ya kiko, ushanga wa kubania kamba, na netsuke, kile kishikizo kinachozuia mfuko usidondoke mshipini. Walikuwepo mafundi wa mifuko waliokuwa wakiagiza vipambo kwa wachongaji, wakivipanga na ngozi kama seti moja. Kwa hiyo maekanagu iliyozaliwa maekanagu kabla ya 1876 ni jambo la kawaida kabisa.

Kano Natsuo mwenyewe, aliyezaliwa 1828 na kufariki 1898, yule aliyechonga sarafu mpya za Meiji, alifanya kazi ya panga na ya mifuko pia.

#10 · Mwanahistoria_wa_Meiji
Shukrani kwa nyongeza. Bado nasema kwa kipande hiki 1876 inanukia.

#11 · pwani_kwetu
Nanyi mmesahau netsuke zenye kifuniko cha metali, kagamibuta. Zile ni bakuli dogo la pembe au mbao na katikati bamba lililochongwa. Bamba likitoka kwenye bakuli linabaki kama hili. Nalo ni la tumbaku vilevile, maana netsuke ndiyo inayozuia mfuko usidondoke mshipini.

#12 · BintiForodhani
Bamba la kagamibuta ni duara kamili, lina ukingo laini wa kukaa ndani ya bakuli, na nyuma lina kitanzi kimoja katikati cha kupitishia kamba. Hiki kimekatwa kufuata umbo la mtu, joho linatoka nje. Hakiwezi kukaa kwenye bakuli lolote.

#13 · pwani_kwetu
Kibonge cha katikati kisingeweza kuwa kitanzi kilichovunjika?

#14 · FundiLehemu
Kibonge cha katikati tukipime kabla ya kukipa historia. Chukua ncha ya sindano, gusa pembeni mwa kibonge. Ikizama kirahisi na kuacha mfereji unaong'aa, ni risasi na bati, lehemu laini inayoyeyuka karibu nyuzi 183 za Selsiasi. Fundi wa zamani wa Japani aliunganisha vijiti kwa lehemu ya fedha, ambayo inataka nyuzi 600 na zaidi, kisha ndipo akatia rangi, kwa sababu moto ule unaiua rangi yote. Mtu anayetumia lehemu laini anajaribu kuinusuru rangi iliyopo, maana yake kazi yake imekuja baada ya kipambo kukamilika.

Na lehemu laini katikati ya mgongo kwa kawaida ni pini ya bruchi. Vipambo vingi vya aina hii vilivyofika Ulaya na Marekani viligeuzwa bruchi au vifungo vya mikono ya shati. Huko Japani vingine vikawa vipambo vya mshipi wa kimono wa kike. Kwa hiyo kitu hiki huenda kimekuwa na maisha matatu, na kibonge hakisemi lolote kuhusu la kwanza.

Onyo: kisipelekwe kwenye moto na lehemu hiyo ikiwa bado ipo. Ukikichemsha hadi wekundu, risasi inaingia kwenye shaba na fedha na kuacha mashimo ambayo hayatibiki. Lehemu inakwanguliwa kwanza kwa kisu butu, chini ya kioo cha kukuzia, mpaka shaba ionekane safi.

#15 · TindoNaNyundo
Sindano imezama. Mfereji unang'aa.

#16 · AlaNaMpini
Sawa, bruchi nakubali. Ila chini ya lehemu hiyo kunaweza kuwa na kisiki cha kijiti cha kati. Fundi wa bruchi angepachika pini wapi kama si juu ya kisiki kilichokuwepo tayari?

#17 · mdau_mpya_254
Samahani wakuu, si mngekisafisha kwanza ndiyo mkione vizuri? Ndimu na majivu, kama dele na sinia za shaba. Au ukwaju. Kitang'aa.

#18 · NjumuNaFedha
Usithubutu ndugu yangu! Huo weusi si uchafu, ndiyo kazi yenyewe. Metali hiyo inaitwa shakudo: shaba nyekundu iliyochanganywa na dhahabu asilimia 3 hadi 5 hivi. Ikitoka kwenye tanuri ina rangi ya shaba tu. Weusi wa samawati unaletwa na kuchemsha kwenye maji ya chumvi za shaba, na ngozi hiyo nyeusi ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Asidi ya ndimu inaila kwa dakika chache, majivu yanakwangua kilichobaki, na ncha za nakshi zinakuwa butu moja kwa moja. Dele la kahawa linavumilia kwa sababu ni metali moja nene isiyo na ngozi ya kulinda.

Uso wa kijivu huo unaweza kuwa shibuichi, shaba na fedha, robo fedha katika mchanganyiko wa kawaida. Uzuri wa kazi hii ni kwamba kila rangi ni metali yake, imepachikwa kama njumu, na zote zinaingia maji yale yale kwa pamoja: shakudo inatoka nyeusi, shibuichi kijivu, shaba tupu hudhurungi nyekundu, dhahabu na fedha safi hazibadiliki.

#19 · mdau_mpya_254
Nimeelewa. Mikono nimeitoa.

#20 · Maabara255
Hapo kwenye shakudo mtathibitishaje? Nyeusi inaweza kuwa shaba tupu iliyopakwa dawa ya salfa. Pima msongamano: uzito hewani, uzito ndani ya maji, kisha gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili.

#21 · FundiLehemu
Kwa nadharia ndiyo, kwa kipande hiki haitoshi. Shaba ina msongamano wa 8.96. Shakudo yenye dhahabu asilimia 4 inafika kama 9.16. Kwa gramu 7.8, shaba ingepungukiwa gramu 0.87 majini, shakudo gramu 0.85. Tofauti ni sehemu mbili za mia za gramu. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya huo mgongo uliobonyea kinaifuta. Halafu kuna fedha ya uso, dhahabu ya upindo, na risasi ya nyuma, kila moja inavuta jibu upande wake.

Jiwe la sonara nalo halifai. Ukisugua utaona mstari mwekundu, asidi itaufuta, na sonara atakuambia ni shaba. Hata hivyo ndani ya gramu 7.8 za asilimia 4 kuna dhahabu kama gramu 0.31. Hilo nalisema ili mtu asije akaona thamani kwenye kuyeyusha.

#22 · MwanaMaskati
Mashine ya eksirei ya kupimia dhahabu, wanunuzi wengi wanazo siku hizi. Mambo matatu. Kwanza, mwale wake una upana wa milimita kadhaa, uelekezwe mgongoni mahali pasipo na njumu wala lehemu. Pili, mwambie mpimaji aweke hali ya aloi za shaba, asitumie hali ya vito, kwa sababu hali ya vito imepangwa kwa dhahabu nyingi na itapotosha kiasi kidogo. Tatu, pima sehemu mbili mbali mbali. Dhahabu ikionekana zote mbili kwa kiwango kinachokaribiana, ni shakudo. Ikionekana moja tu, ni mchovyo au njumu ya upande wa pili.

#23 · BintiForodhani
Hiyo itatuambia metali, haitatuambia kazi yake. Narudi kwenye swali la mada. @TindoNaNyundo, kwenye mashina ya vile vijiti viwili kuna uchafu wa kijani? Na kama upo, ni unga mkavu au ni laini kama nta?

#24 · TindoNaNyundo
Upo. Laini, unakwanguka kwa kucha, unanata. Uko kwenye vijiti na kuzunguka ukingo wa ndani, katikati hakuna.

#25 · BintiForodhani
Hiyo ni ngozi. Mafuta ya ngozi yanakula shaba na kuzaa nta ya kijani. Kwenye mpini, menuki inalala juu ya ngozi kavu ya samaki taa na uzi wa hariri au pamba, hakuna mafuta ya kutosha kuzaa nta ya namna hiyo. Kipambo hiki kimekaa miaka mingi juu ya mfuko wa ngozi.

Nta itolewe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na pamba yenye tone la spiriti nyeupe. Msitumie sindano wala brashi ya waya.

#26 · AlaNaMpini
Hakuna anayebisha kwamba kimekaa kwenye mfuko. Nabisha kwamba kilizaliwa kwa ajili ya mfuko. Nta ya kijani ingekuwepo vilevile kama ni menuki iliyopachikwa 1880.

#27 · NjumuNaFedha
Kuna dalili nyingine, uchakavu. Kwenye mpini uzi unapita juu ya menuki kwa mshazari na kuifunika sehemu, kwa hiyo sehemu zilizofunikwa zinabaki na nakshi kali na zilizo wazi zinasuguliwa na kiganja. Kwenye mfuko mtu anainua kifuniko kwa kidole gumba kutoka chini. Uchakavu unakaa ukingo wa chini, katikati. Angalia miguu ya Shoki.

#28 · TindoNaNyundo
Kwa lenzi ya mara 10: viatu vyote viwili vimelainika, weusi umepungua ukawa hudhurungi. Ndevu na ncha ya upanga zingali kali. Ila kwenye bega la kulia kuna utepe wa mshazari, upana kama mm 4, ambako mistari ya joho ni mikali kuliko jirani zake.

#29 · AlaNaMpini
UTEPE WA MSHAZARI! Wakuu, huo ni uzi wa mpini.

#30 · BintiForodhani
Au ni joho lilipokunjwa ndani, pakawa bondeni, kidole hakifiki. Utepe uko juu au bondeni?

#31 · TindoNaNyundo
Nusu nusu. Unaanzia kwenye mkunjo, unaishia juu ya bega.

#32 · kibatari_88
Kambi inanoga. Niulize la pembeni: mnaposema netsuke na ala za kiko za pembe za ndovu, zile zilitoka kwetu?

#33 · MwanaMaskati
Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu duniani, lakini kwa kipande kimoja huwezi kusema kimetoka bandari gani kwa kukitazama. La muhimu kwa anayenunua leo: seti yenye pembe ina masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Biashara ya kimataifa ya pembe ilizuiwa kwa uamuzi wa 1989 ulioanza kazi 1990, mwaka ule ule wa 1989 Kenya ilichoma tani 12 hivi mwezi Julai. Kipambo cha shaba peke yake hakiguswi na masharti hayo. Ndiyo sababu moja seti nyingi zinavunjwa, metali inauzwa huku na pembe inabaki kule. Seti ikivunjwa, tunabaki na maswali kama ya mada hii.

#34 · Maabara255
Turudi. Viatu vilivyopauka vinaweza kurudishiwa rangi? Nimeona watu wanasema ni gramu 4 hadi 6 za rokusho, ile chumvi ya kijani ya shaba ya Kijapani, na kiasi hicho hicho cha mrututu kwa lita 1 ya maji, unachemsha kwenye sufuria hadi iwe nyeusi.

#35 · FundiLehemu
Vipimo sawa, mengine yanahitaji marekebisho, hasa hiyo "sufuria". Sufuria zetu ni alumini. Mrututu ukikutana na alumini au chuma, shaba inajitoa majini na kuganda juu yake, maji yanaharibika na kipambo kinatoka na mabaka. Tumia chombo cha shaba au kioo kinachovumilia moto. Kipambo kining'inie kwa waya wa shaba. Koleo la chuma lisiguse maji.

Maji ya bomba au kisima cha pwani yana chumvi, rangi inatoka chafu. Nunua maji safi ya betri, na usome chupa vizuri usije ukabeba asidi.

Kabla ya kuchemsha: sugua kwa bekingi soda na maji hadi maji yatande usoni bila kujikusanya matone. Tangu hapo vidole visiguse. Kisha kipakwe figili nyeupe iliyokunwa na kiingie majini kikiwa bado kimelowa. Ukikiacha kikauke hata kidogo kabla ya kuzama, doa linabaki. Kitikise muda wote, kitazame kila dakika chache. Nusu saa ni kawaida, wakati mwingine zaidi.

Sasa la maana: hiyo ni kazi ya kipande kipya au kilichokwanguliwa chote. Huwezi kurudishia viatu peke yake. Na hiki kina risasi nyuma, itayachafua maji. Kiacheni. Shakudo ikishikwashikwa kwa mikono safi inarudisha weusi polepole yenyewe.

#36 · Maabara255
Nashukuru. Hilo la alumini lingenigharimu.

#37 · Mwanahistoria_wa_Meiji
Hakuna aliyeuliza: shetani yuko wapi? Shoki anatazama chini kushoto, anamtafuta mtu. Kwenye jozi ya menuki, upande mmoja Shoki, upande wa pili shetani anayekimbia. Ndiyo mpangilio wa kawaida. Hiki kimepoteza mwenzake.

#38 · BintiForodhani
Na kwenye mfuko wa tumbaku, Shoki anakaa mbele na shetani anajificha kwenye bamba la ndani ya kifuniko, unamwona ukifungua. Au yuko kwenye netsuke. Mpangilio huo nao ni wa kawaida. Na bamba hilo la ndani ndipo sahihi inapokaa mara nyingi, jambo linaloeleza kwa nini hapa hakuna.

#39 · pwani_kwetu
Hivi tuna uhakika hakikumiminwa kwenye kalibu juzi tu? Sokoni vimejaa.

#40 · NjumuNaFedha
Swali zuri. Cha kalibu kina vishimo vidogo vya hewa bondeni, mistari ya nakshi ina mabega ya mviringo, na dhahabu imepakwa juu. Hapa ukitazama mpaka wa dhahabu na weusi kwenye upindo, unatakiwa kuona mfereji mwembamba kama wa wembe ambapo metali moja imegongewa ndani ya nyingine, na dhahabu ina kimo chake. @TindoNaNyundo thibitisha. Tazama pia mistari ya ndevu: ya tindo inaanza nyembamba, inapanuka, inakata ghafla.

#41 · TindoNaNyundo
Mfereji upo, ukucha unauhisi. Ndevu zinakata ghafla. Vishimo vya hewa sijaviona.

#42 · AlaNaMpini
Basi ni kazi ya mkono. Sasa naomba kipimo kimoja: unene wa ukingo, sehemu nne, kwa kalipa. Menuki iliyopigwa kutoka nyuma ina ukingo uliogeuzwa ndani, mnene kuliko ukuta. Na ukwangue ile lehemu ya kati kwa kisu butu kama alivyosema #14. Kukiwa na kisiki cha shaba nyeusi chini yake, kilichoungwa kwa lehemu ya fedha, kijiti cha kati ni cha fundi wa kwanza.

#43 · BintiForodhani
Nakubali kipimo hicho, kwa sharti moja: mashina ya vijiti vya pembeni nayo yatazamwe. Yakiwa na lehemu ya fedha na weusi umepanda juu yake bila kukatika, navyo ni vya fundi wa kwanza, na utuambie menuki gani ilihitaji vijiti vitatu.

#44 · TindoNaNyundo
Ukingo: mm 1.4, 1.3, 1.5, 1.3. Umegeuzwa ndani. Lehemu nitaianza mchana, kwenye mwanga mzuri. Vijiti vya pembeni: cha kushoto weusi umepanda hadi juu. Cha kulia umekatika, kuna pete ya rangi ya shaba kwenye shina.

#45 · AlaNaMpini
Kimoja cha asili, kimoja cha baadaye?

#46 · FundiLehemu
Au cha kulia kilivunjika kikaungwa upya. Angalia rangi ya lehemu ndani ya hiyo pete: ikiwa nyeupe ya fedha ni moto mkali, na weusi unaozunguka lazima uwe umetiwa upya. Ikiwa ya kijivu kama katikati, ni mkono ule ule wa bruchi.